Mgombea, Mwandamanaji na Sheria ya Mazingira

(Hotuba iliyosomwa na wakili mbele ya wapenda mageuzi wa Kajiado, mjini Kitengela)



Nimeombwa nizungumze juu ya ugomvi ambao haujapewa jina rasmi katika siasa zetu, ijapokuwa kila mmoja wetu ameushuhudia. Ni ugomvi baina ya watu wawili wanaohitajiana: yule anayeandamana barabarani ili mto usitiwe sumu na mbuga isikatwe viwanja, na yule anayepanda jukwaani kuomba kura. Kabla ya uchaguzi wawili hao huitana ndugu. Baada ya uchaguzi, mmoja huwa amekalia kiti na mwenzake amekalia kesi.

Sikuja kuwatukana wanasiasa. Kazi hiyo ina wenyewe, nao ni wanasiasa wenzao. Nimekuja kueleza kwa nini sheria ya mazingira imekuwa sarafu ya kununulia kura katika nchi hii, na kwa nini sisi tuliopigania vyama vingi tumekuwa wepesi wa kuipokea sarafu hiyo bila kuigonga mezani tusikie kama ni fedha au bati.

Tuanze na Amboseli, kwa maana hakuna mfano ulio karibu nasi zaidi. Tangu mwaka 1961 eneo lile lilikuwa hifadhi chini ya baraza letu la Kajiado. Mwaka 1974 serikali kuu ikalitwaa na kulifanya mbuga ya taifa yenye kilomita za mraba 392. Wafugaji waliokuwa wakinywesha mifugo katika vinamasi vile tangu enzi za mababu wakaambiwa watoke, na kwamba maji yatawafuata huko nje kwa mabomba. Mabomba yakaja, kisha mabomba yakalala. Mwenye kumbukumbu hizo hahitaji kufundishwa na wakili maana ya kunyang'anywa.

Ndipo ukaja mwaka 2005. Nchi ilikuwa inaelekea kwenye kura ya maoni juu ya rasimu ya katiba, tarehe 21 Novemba, wenye Ndizi upande huu na wenye Chungwa upande ule. Wiki chache kabla ya siku hiyo, serikali ya Rais Mwai Kibaki ikatangaza kwamba Amboseli si mbuga ya taifa tena. Inarudi mikononi mwa Baraza la Kaunti ya Ol Kejuado. Hapa nyumbani watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Mashirika ya uhifadhi yakapiga kelele, nayo yalikuwa na haki ya kupiga kelele, kwa maana mbuga ya taifa haivuliwi hadhi yake kwa kalamu ya waziri kama vile mtu anavyovua koti. Sheria ya wanyamapori ya wakati ule ilikuwa imeweka mlango, na mlango huo ulipitia Bunge.

Matokeo mnayajua. Rasimu ilianguka, Chungwa likashinda kwa karibu kura 58 katika kila 100. Mashirika yakaenda mahakamani, na baada ya kesi kukaa huko kwa miaka kadhaa, Mahakama Kuu ikabatilisha tangazo lile kwa kuwa utaratibu wa sheria haukufuatwa. Mfugaji aliyengoja miaka 30 akajikuta hana mbuga wala hana fidia.

Nataka mtulie kidogo hapa, kwa sababu kisa hiki husimuliwa vibaya na pande zote mbili. Wahifadhi husema: mnaona, wanasiasa walitaka kuuza urithi wa taifa. Wenyeji husema: mnaona, watu wa Nairobi wanapenda ndovu kuliko sisi. Mimi naona jambo la tatu. Dai la watu wa Kajiado lilikuwa la haki tangu mwaka 1974. Kilichokuwa kibovu ni chombo kilichotumiwa kulitimiza, na kilichaguliwa kibovu kwa makusudi, kwa kuwa njia iliyo halali ingechukua muda mrefu kuliko kampeni. Anayetaka kura Novemba hana subira ya kupeleka hoja Bungeni, kusikiliza wananchi, kupanga mapato na kuweka masharti ya uhifadhi. Basi hutoa zawadi. Na zawadi iliyotolewa kwa kalamu ya waziri huondolewa kwa kalamu ya jaji.

Suala hilo limerudi mezani katika miaka hii ya Rais William Ruto. Sitaki kusema mengi juu yake, ila maswali ya kuuliza hayajabadilika tangu 2005: hati imepitia mlango gani? Mapato ya lango yatagawanywaje, na mfugaji wa Olgulului atapata fungu lililoandikwa katika sheria, au atapata hotuba? Nani atalipa askari wa wanyamapori pesa za watalii zitakapopungua, kama zilivyopungua mwaka 2020 wakati wa maradhi ya korona? Anayeuliza hivyo si adui wa Wamaasai. Ni mtu aliyekwisha kupewa zawadi mara moja.

Sasa tuje hapa Kitengela, mahali ambapo jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa hapa hatuna adui mmoja wa kumnyoshea kidole.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946. Ina kilomita za mraba 117 tu, na haingeweza kuishi kwa eneo hilo pekee. Iliishi kwa sababu upande wake wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uliachwa wazi, na nyumbu na punda milia wakawa wakitoka wakati wa mvua kwenda kula nyasi za tambarare za Athi na Kaputiei, yaani nyasi zetu. Wazee wetu waliwalisha wanyama wa serikali kwa miongo mingi bila kulipwa hata senti moja, na bila hata kuambiwa asante. Ranchi ya jamii ya Kitengela ilipogawanywa katika miaka ya 1980, kila familia ikapata hatimiliki yake. Mwaka 1990 ikatungwa sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, na eneo la Athi River likavuta maelfu ya vijana waliohitaji chumba cha kulala. Chumba kikahitaji ploti, ploti ikahitaji muuzaji, na muuzaji alikuwa na ada za shule za kulipa. Hivyo ndivyo mji huu ulivyozaliwa. Haukuletwa na wezi. Uliletwa na watu wenye shida za kawaida, kila mmoja akifanya jambo lenye akili kwake.

Watafiti waliohesabu wanyama kutoka angani wameandika kwamba nyumbu wanaohama katika tambarare hizi walikuwa karibu 30,000 mwaka 1978; mwaka 2011 walikuwa hawafiki 5,000. Tangu mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke ua wala wasiuze. Ulikuwa mpango mzuri, na familia kadhaa zilisomesha watoto kwa pesa hizo. Lakini dola 4 haziwezi kushindana na bei ya ploti ya hamsini kwa mia kando ya barabara ya Namanga, hata hesabu ifanywe na malaika.

Juni 2012, simba sita waliuawa karibu na hapa baada ya kuvamia zizi la mbuzi usiku. Picha zao zikazunguka dunia nzima. Sikumbuki picha ya wale mbuzi ikizunguka. Wakati ule sheria haikumpa mfugaji fidia ya mnyama aliyeliwa; fidia hiyo ilikuwa imeondolewa mwaka 1989. Sheria mpya ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikairudisha, ikaweka pia shilingi milioni 5 kwa maisha ya mtu aliyeuawa na mnyama, na tangu hapo wananchi wamekuwa wakijaza fomu na kungoja. Hapo ndipo mgombea anapopata riziki yake. Atakuja atakuahidi kulipwa. Hatakwambia ni fungu gani la bajeti, kwa sababu fungu hilo liko Nairobi na yeye anaomba kiti cha hapa.

Hali kadhalika, tukubali kwamba sisi wenyewe si kitu kimoja. Katika ukumbi huu yupo anayetaka ushoroba wa wanyama ubaki wazi, na kiti cha pili kutoka kwake yupo anayetaka kuuza ekari mbili mwezi ujao. Yupo kijana anayeishi kwa kupakia mchanga kwenye malori usiku, na yupo mama ambaye kisima chake kimekauka kwa sababu mchanga wa lugga umechukuliwa. Yupo mpangaji anayetaka timbo lifungwe kwa sababu ya vumbi na baruti, na yupo mjenzi anayetaka mawe yashuke bei. Kanuni yoyote ya mazingira ikitungwa leo, itamnufaisha mmoja wetu na kumwumiza mwenzake. Mwanasiasa hodari anaijua hesabu hii kuliko sisi. Huenda kwa kila mmoja faraghani: kwa wapakiaji mchanga huahidi kwamba askari wa kaunti hawatawasumbua, kwa akina mama wa visima huahidi kwamba uchimbaji utakomeshwa. Ahadi hizo mbili haziwezi kukaa nyumba moja, lakini wenye kupokea ahadi hawakutani, na kura zote mbili huhesabiwa.

Kwa hiyo nasema: kazi ya kwanza ya vuguvugu letu ni kuwakutanisha hao wawili, mpakiaji na mama wa kisima, kabla mgombea hajawafikia mmoja mmoja. Ni kazi ngumu kuliko maandamano. Maandamano humalizika jioni.

Ndugu zangu, wapo wanaosema dawa ni moja: tuwachague wanaharakati wenyewe. Na tuwapime kwa waliotangulia.

Profesa Wangari Maathai alizuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika Bustani ya Uhuru mwaka 1989, wakati ambapo kumpinga Rais Moi kulikuwa kujitafutia kaburi. Mwaka 1992 alikaa na akina mama wa wafungwa wa kisiasa katika bustani ile ile mpaka polisi wakawapiga. Lakini mwaka 1997 alipogombea urais, na hata kiti cha ubunge cha Tetu, wapiga kura walimpita kama kituo ambacho gari halisimami. Miaka ya 1998 na 1999 alirudi kwenye msitu wa Karura kupanda miti mbele ya marungu. Mwaka 2002, upepo wa NARC ulipovuma, akashinda Tetu kwa kura nyingi ajabu, na Januari 2003 akateuliwa waziri msaidizi wa mazingira. Serikali hiyo ikapiga marufuku kilimo cha mashamba ndani ya misitu, na maskini waliokuwa wakilima humo, ambao wengi wao waliipigia NARC kura, wakajikuta upande wa pili wa kanuni. Sisemi marufuku ilikuwa makosa. Misitu ilikuwa imeliwa mpaka mifupa. Nasema kwamba siku mwanaharakati anapokalia kiti, kanuni huacha kuwa wimbo na huwa amri inayomgusa mtu mwenye jembe. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 haikuufuta ukweli huo, na yeye mwenyewe hakuwahi kujifanya kwamba kazi ni rahisi.

Hapa kwetu, Dkt. David Nkedianye alikuwa mtafiti aliyefanya kazi na wenye ardhi wa tambarare hizi katika mradi wa Reto-o-Reto, akizungumza na wazee juu ya ramani, ua na njia za wanyama. Mwaka 2013 akawa gavana wetu wa kwanza. Mwaka 2017 wapiga kura wakamchagua Bwana Joseph Ole Lenku badala yake. Simtaji ili kumsifu wala kumlaumu. Ninachotaka mwone ni kiti chenyewe. Gavana wa Kajiado, awe nani, hutegemea mapato ya ndani yanayotokana na kodi za ardhi, vibali vya ujenzi, na ushuru wa mchanga na mawe. Maana yake ni kwamba kaunti hupata pesa kila ardhi inapokatwa na kila lori linapopita. Mtu mwema akiketi juu ya kiti kilichotengenezwa hivyo, wema wake utachoka kabla ya muhula kwisha. Kwa sababu hiyo mimi nahofu zaidi bajeti mbaya kuliko mtu mbaya.

Naye Okiya Omtatah alikuwa miongoni mwa walioipinga mahakamani reli ya kisasa isipite katikati ya Mbuga ya Nairobi. Septemba 2016 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira likatoa amri ya kusimamisha kazi. Mwezi uliofuata sehemu hiyo ya reli ikazinduliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta, na mapema mwaka 2018 mashine zikaingia mbugani, waandamanaji wakibaki na mabango yao. Treni ikaanza kwenda Naivasha Oktoba 2019. Omtatah alichaguliwa seneta wa Busia mwaka 2022. Ni jambo la kupendeza, lakini nguzo za reli ziko pale pale, na twiga hupita chini yake. Kama serikali inaweza kupuuza amri ya chombo chake yenyewe, basi kiti kimoja katika Seneti hakitoshi kuwa ngao.

Hayo yananipeleka kwenye mwaka 2024, na kwenye mji huu tulioketi ndani yake.

Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulikuwa na ushuru wa mazingira juu ya bidhaa ambazo mabaki yake huwa taka: nepi, magurudumu, betri, simu na kadhalika. Hoja ya kimazingira ilikuwepo. Tembeeni nyuma ya soko letu mtaona nepi na mifuko mnayoyaona. Tena tulikuwa tayari na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayodai kwamba kaunti ziwe na mahali halali pa kushughulikia taka, na kwamba mtengenezaji wa bidhaa abebe mzigo wa mabaki yake. Lakini serikali haikuja kuzungumza juu ya taka. Ilikuja kutafuta pesa, ikazivisha pesa hizo joho la kijani. Mama mwenye mtoto wa miezi mitano aliambiwa kwamba nepi itapanda bei kwa faida ya mazingira, ilhali lori la taka halijafika mtaani kwake. Serikali ilipoona hasira ikasema ushuru utatozwa bidhaa za nje tu. Ilikuwa imechelewa. Vijana wa Kitengela walitoka kama vijana wa nchi nzima, na tarehe 26 Juni, siku moja baada ya damu kumwagika, Rais akakataa kuutia saini mswada.

Tulishinda, na nilifurahi. Hata hivyo naomba ruhusa niseme lisilopendwa: tuliuzika ushuru na tukauzika mjadala wa taka pamoja nao. Wagombea wengi wamejifunza kutokana na siku zile kwamba neno mazingira linaleta mawe, basi wamelifuta katika hotuba zao. Hakuna anayetaka kusimama Kitengela aseme kwamba jaa litafungwa, kwamba anayemwaga maji machafu mtoni atashtakiwa, kwamba lori la mchanga lisilo na kibali litakamatwa. Vuguvugu lililokataa kanuni mbaya lina wajibu wa kusema kanuni njema ni ipi. Tukinyamaza, watakaoiandika ni wale wale walioandika ile ya kwanza.

Na mwajua bei iliyolipwa hapa. Tarehe 19 Agosti 2024, Bob Njagi na ndugu wawili, Aslam Longton na Jamil Longton, walitekwa nyara katika mji huu. Kwa zaidi ya mwezi mmoja familia zao hazikujua kama zinangoja watu au maiti. Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani. Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, aliitwa na mahakama mara baada ya mara asifike, mpaka tarehe 13 Septemba Jaji Lawrence Mugambi akamhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama. Tarehe 20 Septemba, wale watatu wakaachiliwa. Adhabu ya afisa yule ikaja kufutwa baadaye, naam. Lakini watu walirudi nyumbani wakiwa hai.

Kwa nini nalitaja jambo la polisi katika hotuba ya mazingira? Kwa sababu anayeulizia kibali cha timbo na anayepinga ushuru hulindwa na ukurasa mmoja. Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 ndiyo inayomruhusu kukusanyika. Ibara ya 42 humpa haki ya mazingira safi. Ibara ya 70 humpa mlango wa mahakama, tena kwa ukarimu ambao mawakili wa zamani hawakuuota: huhitaji kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara au jeraha. Mwaka 1989 mahakama zilimwambia Profesa Maathai kwamba hana haki ya kushtaki juu ya bustani kwa kuwa bustani si yake. Leo mchungaji wa Isinya anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Kajiado kuuliza juu ya mto ambao hana hati yake. Tofauti hiyo haikuletwa na mgombea yeyote. Ililetwa na miaka 20 ya watu kupigwa.

Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliotiliwa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri, waliutumia mlango huo. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga hukumu, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaisimamisha tena. Uchaguzi ulipita katikati, wagombea wakaja na fulana na kuondoka, na kesi ikaendelea kutembea polepole kwa miguu yake.

Basi tufanye nini na mgombea anayekuja? Wengine husema tumfukuze. Sikubaliani nao. Tulipigania vyama vingi, na kipengele cha 2A kikafutwa Desemba 1991, ili tuwe na wagombea wa kuchagua, si ili tuwachukie wote kwa pamoja. Lakini kama wakili lazima niwaambie jambo kavu: sijui mahakama iliyowahi kumlazimisha mwanasiasa kutimiza alichosema jukwaani. Ahadi ni deni, lakini deni hili halina karani wa kulidai. Kwa hiyo ahadi lazima ihamishwe kutoka mdomoni kwake mpaka mahali ambapo sheria inaweza kuishika, na mahali hapo ni pawili: bajeti na sheria ya kaunti.

Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hutakiwa kufikishwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufikishwa kufikia tarehe 30 Aprili. Hizo ndizo siku za kuandamana, kama mnapenda kuandamana. Mwulizeni mwakilishi wadi ni shilingi ngapi zimeandikwa kwa ajili ya jaa halali la taka, kwa ajili ya wakaguzi wa mchanga, kwa ajili ya vibao vya ushoroba. Akijibu kwamba ataangalia, andikeni jina lake na tarehe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mkazi haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti. Inaruhusu hata kura ya maoni ya mtaa juu ya mipango na uwekezaji, ombi likitiwa saini na asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa. Ni saini nyingi. Lakini hata kuzitafuta kungewakutanisha wale wawili niliowataja, mpakiaji na mama wa kisima, kwenye meza moja yenye kalamu.

Viongozi wa vuguvugu wanaotaka kugombea, na najua mpo humu, nawaombeni mjiuzulu uongozi siku mnapochukua karatasi za chama, wala si siku mnapoteuliwa. Vuguvugu lenye mwenyekiti anayetafuta kura haliwezi kumwambia mchimbaji hapana, wala haliwezi kumwambia mwenye ploti kwamba nyumba yake imekaa katika njia ya maji. Na mkishinda, msitarajie tuwapigie makofi. Tutawaletea barua. Mkizijibu, tutawaletea nyingine.

Nimalizie kwa jambo la kazi. Mradi mkubwa unapotaka kibali, ripoti ya tathmini ya athari za mazingira hutangazwa na NEMA, na mwananchi hupewa muda uliotajwa katika tangazo kutoa maoni yake. Kibali kikishatolewa, anayetaka kukipinga mbele ya Baraza la Rufaa za Mazingira ana siku 60. Watu wengi hufika kwa wakili siku ya 70, wakiwa na picha nzuri sana za uharibifu. Nimeacha kwa katibu karatasi yenye anwani ya ofisi ya NEMA hapa Kajiado na mfano wa barua ya maoni kwa Kiswahili. Wale wa upande wa Isinya waliokuja na nakala ya tangazo la timbo, tukutane mlangoni baada ya maswali, kwa maana siku zao zimekwisha kuanza kuhesabiwa.